Mashua Iliyokatwa Katikati

Katika nyumba zetu iko desturi njema tuliyoipokea kwa wazee wetu. Mtu wa nyumba akiwa na safari, mzigo wake hufungwa, kisha wote hukusanyika, wakubwa kwa wadogo, naye huombewa kabla hajavuka kizingiti. Akirudi salama, shukrani hutolewa. Lakini watoto wana swali lao, na walimu wengi hulipita upesi kama mtu apitaye penye siafu: Je, na yule aliyeombewa vile vile, naye asifike?

Swali hili si la utovu wa imani, wala haifai kumnyamazisha mtoto aliyeliuliza. Kwa ajili yake nataka kuwasimulia safari ya Bwana Alexander Mackay na wenzake saba kwenda Buganda, maana katika safari ile waliofika na wasiofika walitoka mlango mmoja, wakaombewa siku moja na watu wale wale.

Chanzo chake kilikuwa barua. Mwaka 1875 Stanley, yule msafiri, alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, akazungumza naye habari za dini ya Kikristo. Kisha akaandika barua kuwaita Wakristo wa Uingereza wapeleke walimu. Barua ile ilichapwa katika gazeti la Daily Telegraph la London tarehe 15 Novemba 1875. Siku chache tu zikapita, na mtu ambaye hakutaka jina lake lijulikane, aliyejiita mtumwa asiyefaa, akaahidi kuwapa Church Missionary Society, yaani CMS, pauni 5,000 kwa kazi ile.

Mackay alikuwa Mskoti, mwana wa mchungaji wa Rhynie, amezaliwa mwaka 1849. Hakuwa kasisi. Alikuwa fundi wa mitambo, naye wakati ule alikuwa akifanya kazi Ujerumani. Alijitoa, akakubaliwa. Wenzake walikuwa Shergold Smith, aliyepata kuwa ofisa wa manowari, naye akawekwa kuwa kiongozi, kasisi C. T. Wilson, O'Neill, mjuzi wa majengo, Dokta John Smith, mganga, na mafundi watatu, Clark na akina Robertson wawili.

Walipoagwa London mwezi wa Aprili 1876, kila mmoja alisema maneno machache. Mackay, ambaye umri wake ulikuwa miaka 26, alisema mwisho. Aliwaambia wazee wa chama kwamba katika muda wa miezi sita yamkini watasikia mmoja wao amekufa. Akawasihi kwamba habari hiyo itakapowafikia wasivunjike moyo, bali wampeleke mtu mwingine mara moja akashike mahali palipoachwa wazi. Chumba kizima kikanyamaza.

Naomba walimu wayaangalie vema maneno hayo. Mackay hakusema kwamba kwa kuwa wamemtumaini Mungu basi homa haitawagusa. Alitumaini kwamba kazi ni ya Mungu, na mwenye kazi hakosi watumishi. Juu ya mwili wake mwenyewe hakujiwekea ahadi ambayo hakupewa.

Miezi minne haikutimia. Mwezi wa Agosti 1876 James Robertson, mmoja wa wale mafundi, akafa Unguja, kabla hajaanza safari ya bara.

Huku pwani taabu nyingine ilikuwa njia yenyewe. Walikuwa na mashua ya moshi jina lake Daisy, iliyoundwa vipande vipande ili ipate kufunguliwa na kuchukuliwa. Walidhani labda mto mmoja wa pwani ungewafikisha mbali ndani ya nchi, mizigo isichukuliwe kichwani. Mackay akajaribu Mto Wami. Mto ule hupindapinda kama nyoka, hata mtu akipanda siku nzima jioni hujiona hakwenda mbali; tena maji yake ni haba mahali pengi. Wakajaribu na Kingani, ndio Ruvu. Nao vile vile. Basi mito ikawakatalia, ikabaki njia ya miguu.

Msomaji wa leo, apandaye basi Dar es Salaam alfajiri na kushuka Mwanza usiku au kesho yake, ni vigumu kuiona njia ile kwa macho ya moyo. Hapakuwa na fedha iliyopokewa katika nchi zote za kati, hivyo msafiri alichukua duka zima pamoja naye: majora ya merikani na kaniki, shanga, na masango ya shaba. Kila mpagazi alijitwika mzigo wa frasila mbili hivi. Katika Ugogo kila mtawala alitaka hongo yake, na mashauri ya hongo yaliweza kuchukua siku kadha wa kadha huku chakula kikipungua kambini. Kabla ya kufika huko lilikuwako poli la Marenga Mkali, penye maji machache tena ya chumvi, ambalo misafara ililivuka kwa mwendo wa haraka, watu wakiwa na kiu. Juu ya hayo, wapagazi wengine walitoroka usiku, na mzigo wa mtu aliyetoroka haukuwa na kichwa cha kuuchukua.

Hapa nina neno langu kidogo. Vitabu vilivyoandikwa juu ya safari ile vimehifadhi majina manane ya Wazungu, tena vizuri, pamoja na mahali walipozaliwa na majina ya baba zao. Lakini Daisy haikutembea kwa miguu yake kutoka pwani mpaka ziwani. Mbao zake, chuma zake, na mtungi wa moto wa mtambo wake ulikofunguliwa vipande, vyote vilipanda milima na kuvuka mito juu ya vichwa na mabega ya Wanyamwezi na watu wa pwani, ambao majina yao hatuyasomi. Wengine wao walikufa njiani kwa homa na ndui na njaa, kama ilivyokuwa katika misafara yote ya siku zile. Walikuwa na mama waliowangoja. Tukiombea safari leo, tusimwombee msafiri tu tukamsahau dereva na utingo.

Mackay mwenyewe hakufika mbali mara ya kwanza. Aliivuka Mpwapwa, akashikwa na ugonjwa mzito, hata ikawa hakuna budi kurudi. Akachukuliwa kwa machela kuelekea pwani, na wenzake wakaendelea mbele. Fikirini moyo wa kijana yule, amelala machelani, uso umeelekea mashariki, na kila hatua ya wachukuzi ikimwondoa mahali alipotumwa. Laiti angekuwa na moyo wa kutafuta ishara, angeweza kusema, Mungu amenifungia mlango, nirudi kwetu.

Alipopona akachukua shoka. Mwaka 1877 alianza kufyeka barabara toka Saadani mpaka Mpwapwa, maili 230, ili magari ya ng'ombe yapate kupita. Kwa watu wake na mashoka na majembe na misumeno alikata msitu wa miiba, akateremsha kingo za mito, akaweka madaraja. Kisha magari yakafungwa ng'ombe, yakaanza kwenda. Na ng'ombe wakaanza kufa mmoja mmoja, kwa kuwa katika nchi ile mlikuwa na mbung'o. Kazi ya miezi mingi ikashindwa na mdudu aliye mkubwa kidogo kuliko nzi wa jikoni.

Tuwaache hapo kidogo, twende kwa wale waliotangulia.

Hao walifika Kageyi, upande wa kusini wa ziwa la Victoria Nyanza, si mbali na Mwanza ya leo, wakaiunga tena Daisy. Mwezi wa Mei 1877 Dokta John Smith akafa hapo ufuoni, yeye aliyekuwa mganga wa wenziwe. Shergold Smith na Wilson wakaingia mashuani. Katika kisiwa cha Ukara wenyeji waliwapokea kwa mawe na mishale. Smith akaumizwa jichoni kwa jiwe, na Wilson akapigwa mshale. Lakini tarehe 30 Juni 1877 walisimama Rubaga, mji wa Mutesa.

Na huko walimkuta nani? Walimkuta Dallington Maftaa. Kijana huyu alikuwa ametolewa utumwani, akalelewa na kufundishwa Unguja katika misheni ya Universities' Mission. Alikuja na Stanley mwaka 1875, na Stanley alipoondoka yeye akabaki kwa Kabaka, akimsomea Maandiko kwa Kiswahili na kumwandikia barua zake. Hata barua za Mutesa za kuwakaribisha wageni hawa ziliandikwa kwa mkono wake. Kwa hiyo London walipokuwa wakihesabu pauni na kutafuta watu, kijana mmoja wa Kiafrika asiyekuwa na chama nyuma yake wala mshahara kutoka ng'ambo alikuwa amekwisha kufika, naye alikuwa kazini muda wa miaka miwili. Sijui kwa nini habari hii husimuliwa mara chache hivi katika shule zetu.

Baada ya siku kadhaa Smith alirudi kusini kumfuata O'Neill na mizigo. Wakati huo O'Neill alikuwa katika kisiwa cha Ukerewe, amenunua jahazi kwa mfanya biashara mmoja, Songoro. Pakatokea ugomvi. Lukonge, mtawala wa Ukerewe, alisema hajalipwa haki yake juu ya jahazi lile. Songoro akakimbilia kambi ya wamisheni, na Lukonge akataka atolewe. Smith na O'Neill hawakukubali kumtoa mtu aliyetafuta kimbilio kwao. Mwezi wa Desemba 1877 kambi yao ikashambuliwa, nao wakauawa pamoja na Songoro na watu wengi waliokuwa nao.

Basi hesabu ilikuwa hivi. Katika wale wanane wanne wamekufa. Wawili, Clark na yule Robertson wa pili, walikuwa wamerudishwa kwao kwa ugonjwa. Wilson alikuwa Buganda, peke yake. Na Mackay alikuwa kati ya pwani na Ugogo, pamoja na magari yasiyo na ng'ombe.

Hapa ndipo lile swali la mtoto linaposimama. Walimu wengi, wakiulizwa juu ya safari na imani, hufungua sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, habari ya Paulo na tufani. Ni sura ya kufaa sana. Usiku wa kumi na nne watu 276 wako chomboni, hawajala, na mwisho wote wanafika nchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao za chombo kilichovunjika. Lakini tuisome yote. Paulo alikuwa amepewa neno na malaika kwamba hapana hata mmoja atakayepotea. Ilikuwa ahadi kwa chombo kile, usiku ule. Si haki kuichukua ahadi ya Paulo na kuiandika juu ya kila tikiti ya safari. Smith na O'Neill waliisoma sura hiyo hiyo, na malaika hakuja Ukerewe. Na ziwa lile ni lile lile hata leo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba mle ndani hamkuwa na maombi? Mwalimu anayewaambia watoto kwamba aliyeombewa sana lazima atafika, anaweka jiwe zito juu ya kifua cha mtoto ambaye baba yake hakufika. Mtoto yule atajiuliza maisha yake yote kama aliomba kidogo.

Tena katika sura hiyo hiyo liko jambo jingine ambalo hupitwa. Paulo, ijapokuwa ana ahadi mkononi, anawazuia mabaharia wasitoroke na mashua ndogo, kwa sababu bila wao chombo hakina mtu wa kukiongoza. Anawaambia wote wale chakula, wapate nguvu. Ngano inatupwa baharini ili chombo kiwe chepesi. Ahadi ya Mungu haikuondoa kazi ya mikono ya watu.

Sasa turudi kwa Mackay. Habari ya kuuawa kwa wenzake ilipomfikia, aliacha mizigo mizito nyuma, akaharakisha kwenda ziwani. Alifika Kageyi mwezi wa Juni 1878. Alichokiona hapo kingeweza kumvunja mtu moyo kuliko vita. Mali yote ya misheni iliyochukuliwa kwa gharama kubwa namna ile ilikuwa imerundikwa kibandani, chuma zimeshika kutu, vitabu vimechanika, vyombo vya mtambo vimechanganyika na shanga na nguo. Akaketi akaanza kuchambua. Kwa siku kumi hivi, tangu mapambazuko hata giza, alisugua na kupanga, kipande kwa kipande. Na Daisy ilikuwa ufuoni, imekauka juani, mbao zimeachana. Naye akaishughulikia, akaikalafati.

Kabla ya kusafiri alifanya jambo moja ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko barabara yake ya maili 230. Alikwenda Ukerewe kwa Lukonge. Watu wa Kageyi walimsihi asiende, wakamwambia hatarudi. Alikwenda bila silaha, akazungumza na yule ambaye watu wake waliwaua rafiki zake, ili kumjulisha kwamba hawakuja kulipa kisasi. Akarudi salama. Hakuwa na hakika ya kurudi alipokwenda.

Wilson alikuwa amekuja kutoka Buganda kumlaki. Mwezi wa Agosti 1878 wakatweka tanga pamoja, wakafuata pwani ya magharibi ya ziwa.

Wale wanaolijua ziwa lile wanajua jinsi lilivyo. Asubuhi ni kama kioo, na jioni hugeuka kuwa bahari. Tufani ikawapata. Mashua haikuweza kustahimili katikati ya mawimbi, nao wakalazimika kuielekeza ufuoni pasipo na bandari. Mawimbi yakaitupa mchangani, yakaipiga na kuijaza maji, yakaivunja. Mackay na Wilson walitoka majini wazima, wakavuta mizigo iliyolowa. Mbele yao maji, nyuma yao nchi wasiyoijua, na fundi wa kuunda vyombo aliyekuwa karibu ni Mackay mwenyewe.

Mbao za ziada hawakuwa nazo. Akaikagua mashua, akaona kwamba haiwezi kupona yote. Basi akaamua kuikata. Aliondoa katikati kipande cha futi 8 hivi, akazitumia mbao za kipande kile kuwa viraka vya mahali palipobomoka mbele na nyuma, kisha akavileta vipande viwili vilivyobaki pamoja, akaviunga. Ni kama mama aonaye kanzu ya mume wake imeraruka isiweze kushonwa, akaitoa sehemu iliyo nzima akaifanyia mwanawe kanzu fupi. Kazi hii ilichukua majuma nane. Majuma nane ya kupima, kupiga randa, kugongomea misumari na kuziba nyufa, juu ya mchanga, katika jua na mvua, safari iliyokuwa imekwisha kuchukua zaidi ya miaka miwili.

Mimi nikisoma habari hii, sitafuti muujiza mahali pengine. Wako watu wanaopenda kusikia kwamba upepo ulitulia mara Mackay alipopiga magoti. Sikuona mahali palipoandikwa hivyo, na upepo ule haukutulia mpaka mashua imevunjika. Niliyoyaona ni kwamba kila mara njia ilipofungwa, mtu huyu alikiangalia kilichosalia mkononi mwake: mto ukikataa, miguu, afya ikirudi, shoka, ng'ombe wakifa, vichwa vya wapagazi, mashua ikivunjika, nusu mashua. Naye hakuacha kusali asubuhi na jioni. Sala na msumeno vilikaa katika mikono ile ile, wala sidhani kwamba yeye mwenyewe aliweza kuonyesha mahali kimoja kilipoishia na kingine kilipoanzia.

Daisy ikashushwa majini tena, fupi kuliko ilivyotoka Uingereza, na katika mwezi wa Novemba 1878 Mackay akafika Buganda.

Habari zilizofuata huko ni nyingi na nyingine ni chungu, nazo zastahili makala yake. Kwa ufupi: Wilson aliondoka mwaka 1879, na Mackay akawa ndiye pekee aliyebaki katika wale wanane, ijapokuwa wengine walikuwa wamekuja kushika mahali palipoachwa wazi, kama alivyoomba. Kitabu alichowasomea watu mwanzoni kilikuwa Injili ya Kiswahili, lugha yetu hii, katika tafsiri ya Askofu Steere wa Unguja, mpaka yalipopatikana maneno ya Kiganda. Alichonga herufi kwa mikono yake ili kuchapa karatasi za kujifunzia kusoma. Tarehe 18 Machi 1882 watu watano wa kwanza wa misheni ile wakabatizwa.

Mwaka 1889 Stanley, ambaye barua yake ndiyo iliyoanzisha yote, alipita Usambiro, kusini mwa ziwa, ambako Mackay alikuwa akikaa baada ya kufukuzwa Buganda. Alimshauri waende pamoja pwani, apate kupumzika kwao. Miaka 13 ilikuwa imepita, naye hajarudi Uskoti hata mara moja. Mackay alikataa, kwa sababu hapakuwa bado na mtu wa kushika mahali pake, na kazi ilikuwa mikononi. Akafa kwa homa hapo Usambiro tarehe 8 Februari 1890, umri wake miaka 40. Kazi aliyokuwa nayo siku zile ilikuwa kujenga mashua nyingine.